Protini ya kuku hapa Mwanza: mashudu ya alizeti, dagaa, soya au pamba, ununue ipi?

Wafugaji wenzangu tunaochanganya chakula wenyewe, hela yetu inaishia kwenye protini, pumba na mahindi unaweza ukazungushazungusha ila protini ukikosea mayai yanakata hapohapo. Mi nafuga leya (kuku wa mayai) na chotara huku Kisesa na hii ndo orodha yangu, nimeipanga kwa mtu anayenunua gunia mbili tatu.

Namba moja mashudu ya alizeti, lakini siyo mashudu yoyote, na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Alizeti ikikamuliwa na maganda yake yote unapata mashudu meusi yenye protini kama asilimia 20 hadi 28 na nyuzinyuzi kibao, yakitolewa maganda kwanza protini inapanda mpaka 35 na zaidi, sasa sokoni yote yanaitwa mashudu na gunia zinafanana. Mwaka jana nilibeba gunia sita kwa jamaa mmoja kisa bei rahisi, kufika nyumbani nachekecha naona karibu nusu ni maganda matupu, kuku wakawa wanakula sana, kinyesi kingi, mayai yakashuka wiki tatu nzima. Siku hizi naenda na chekeche langu, nachota kidogo katikati ya gunia siyo juu, nachekecha muuzaji akiona, maganda yakibaki mengi naondoka.

Alafu nusa. Mashudu ya mashine zetu za kukamua yanabaki na mafuta, hiyo ni faida maana yanampa kuku nguvu, ila yanachacha haraka, ukisikia harufu ya mafuta ya zamani acha. Ukiingiza mkono ukakuta bado ya moto ujue yamefungwa kabla hayajapoa na yatavunda. Yenye ukungu au mabonge yaliyoshikana usichukue hata ukipewa bure, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haitoki kwa kuanika juani.

Namba mbili dagaa, na sisi wa ziwani tuna bahati kwa kweli. Protini inajengwa na vipande vidogo (amino asidi), alizeti ina kipande kiitwacho methionini cha kutosha ila kile cha laisini ni kichache, dagaa ndo anakuja kuziba hilo pengo, kwa hiyo hawa wawili nunua pamoja. Dagaa msafi anafika protini asilimia 50 na kitu, shida ni mchanga, maana wengine wanaanikwa chini kabisa ufukweni. Ukienda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri, mchanga utakaa chini na utauona mwenyewe, kama unaweza chukua walioanikwa kwenye chanja. Usinunue mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wanavua kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwaka dagaa wanaadimika na bei inaruka. Usizidishe kilo 10 kwenye kilo 100 za chakula, mayai yatanuka samaki na wateja watakukimbia.

Namba tatu soya. Ukiwa na broila (kuku wa nyama) mi ningeipandisha iwe ya kwanza, maana broila hawezi nyuzinyuzi nyingi za alizeti. Ina protini kama 36 hadi 40, ila lazima ikaangwe vizuri, soya mbichi inamzuia kuku kumeng'enya protini yenyewe. Kwangu inashuka kwa sababu ya bei tu.

Ya mwisho mashudu ya pamba. Yapo kwa wingi kwa kuwa Shinyanga na Simiyu ni jirani, ila yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, kiini cha yai kinaweza kugeuka kijani au kahawia, mpe ng'ombe.

Ukitaka kulinganisha usiangalie bei ya kilo, gawanya bei kwa protini. Mfano tu, mashudu ya 800 yenye asilimia 25, kilo ya protini inakuja 3,200, dagaa wa 2,500 mwenye 50 inakuja 5,000. Ndo maana mashudu yanabeba mzigo mkubwa na dagaa anasaidia.

Kwa leya, kilo 100 mi naweka mahindi ya paraza 48, pumba 11, mashudu mazuri 20, dagaa 9, soya iliyokaangwa 3, chokaa 7, unga wa mifupa moja na nusu, zinazobaki nusu kilo ni chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kwa nusu, protini inagonga 16 hivi. Vifaranga usiwape mashudu kiasi hicho, ishia 5 au 8 kwanza, na badilisha polepole ndani ya wiki moja.

Alizeti inavunwa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba huko Singida na Dodoma, baada ya hapo mashudu ni mapya na yapo mengi, hapo ndo ukodi kirikuu, ila chukua ya miezi miwili tu, uyapange juu ya mbao mbali na ukuta, maana unyevu wa ziwa huu unapanda kutoka sakafuni.