Uzito wa Kuongeza Kwenye Kichwa cha Fimbo ya Gofu: Ununue Upi Kwanza?

Ukikata inchi moja ya shafti, yaani mti wa fimbo, ya draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, ili uidhibiti vizuri zaidi, utaona tofauti siku hiyohiyo. Fimbo imekuwa nyepesi mno mikononi, na unapoishusha husikii kichwa kiko wapi. Kichwa chenyewe hakijapoteza hata gramu moja. Umekisogeza tu karibu na mikono, kwa hiyo hakivuti kama kilivyokuwa kikivuta. Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kununua uzito wa kuongeza, na wengi hununua usiowafaa.

Mimi nashika jambo moja ninapomshauri mtu anayeunda fimbo zake: nunua kichwa chepesi kuliko unavyohitaji, chenye mahali pa kufungia uzito. Kuongeza gramu 10 ni kazi ya dakika mbili. Kupunguza gramu 10 kwenye kichwa kizito kunahitaji mashine ya kusaga, na kwenye draiva haiwezekani kabisa, kwa sababu kuta zake ni bati jembamba la titani na ukizisaga utazitoboa. Anayenunua kichwa kizito amejifungia mlango.

Kabla ya uzito, mizani

Anza na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu moja ya kumi ya gramu na kubeba angalau gramu 500. Kichwa cha draiva kwa kawaida kina gramu 195 hadi 205. Cha aironi (fimbo ya kichwa cha chuma) namba 7 kinakaribia gramu 270, weji, za kupigia karibu, huzunguka 300, na pata za leo, za kusukumia mpira shimoni, huanzia 340 kwenda juu. Katika seti ya aironi, kila kichwa kinatakiwa kuzidi kile cha fimbo ndefu inayokitangulia kwa gramu 7 hivi, ili fimbo inayofupika ifidiwe kwa uzito. Niliwahi kuagiza vichwa sita vilivyoelezwa kuwa vimepangwa hivyo. Nilipovipima, viwili vilipishana kwa gramu 3 tu, na kilichofuata kikaruka gramu 11. Kwa macho vilikuwa vizuri kabisa. Bila mizani ningeviunganisha vyote, kisha nikalaumu mikono yangu kwa mipira iliyopotea.

Mizani ya pili, ile ya kupima uzito wa swingi, yaani jinsi kichwa kinavyovuta unapoizungusha fimbo, ni ya anayeunda fimbo mara kwa mara. Wazo lake limetoka kwa Robert Adams, aliyebuni mizani ya Lorythmic katika miaka ya 1920. Fimbo huegemezwa inchi 14 kutoka mwisho wa mshiko, kisha unasoma jinsi upande wa kichwa unavyovuta. Kipimo huandikwa kwa herufi, A hadi G, na kila herufi ina hatua kumi, 0 hadi 9. Fimbo nyingi za wanaume hutoka kiwandani zikiwa D0 hadi D3, na za wanawake huwa ndani ya C.

Hesabu tatu za kukariri ni hizi. Gramu 2 kichwani hupandisha hatua moja. Nusu inchi ya urefu hubadilisha karibu hatua tatu. Gramu 5 hivi kwenye mshiko hushusha hatua moja. Rudi sasa kwa yule aliyekata inchi moja: amepoteza hatua sita, na ili azirudishe anahitaji gramu 12 kichwani. Ishike namba hiyo, maana ndiyo inayotenganisha bidhaa zifuatazo.

Nafasi ya kwanza: kichwa chenye matundu ya skrubu

Hiki ndicho ninachokipendekeza kwa draiva na fimbo nyingine za kichwa chenye uwazi ndani. Kichwa kinakuja na tundu moja au zaidi yenye nyuzi za kukazia skrubu, na unafunga skrubu nzito au nyepesi upendavyo. TaylorMade walilitangaza wazo hili sana mwaka 2004 kwa draiva yao ya r7 quad, iliyokuwa na skrubu nne za uzito, na tangu hapo limeenea kwa watengenezaji wengi.

Faida yake kubwa ni kwamba unachagua kiasi cha uzito na pia mahali pa kuuweka. Tuseme kichwa kina gramu 200 na unaongeza gramu 4 kwenye sehemu iliyo sentimita 5 kutoka kitovu cha uzito. Kitovu kitasogea kuelekea huko milimita moja tu. Ongeza gramu 12 mahali hapohapo, nacho kitasogea karibu milimita 3. Ndiyo maana vibandiko vidogo vya gramu mbili tatu havitaugeuza mwelekeo wa mpira wako, hata kama tangazo linaahidi hivyo. Vinabadilisha unavyoisikia fimbo mikononi, na hilo lina thamani yake, ila usinunue gramu 3 ukitarajia mpira uache kupinda kwenda kulia.

Ukiwa na gramu za kutosha, mambo huwa hivi. Uzito wa nyuma huinua mpira na kukipa kichwa inesha kubwa, yaani ukaidi wa kukataa kugeuka mpira ukiguswa pembeni mwa uso, sehemu inayopiga mpira. Uzito wa mbele, karibu na uso, hupunguza mzunguko wa mpira kurudi nyuma, na kipigo kibaya kinaadhibiwa zaidi. Uzito wa kisigino, upande wa kichwa ulio karibu na shafti, husaidia uso kufunga, hivyo mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia huelekea kupinda kushoto. Uzito wa ncha, upande wa kichwa ulio mbali na shafti, hufanya kinyume chake. Kwa mchezaji wa kawaida nachagua tundu la nyuma na la kisigino. Tundu la mbele linawafaa wenye kasi kubwa ambao mpira wao hupanda mno na kukosa umbali.

Unaponunua, uliza mambo mawili. Je, skrubu za uzito tofauti zinapatikana kwa kichwa hicho? Nyuzi za kampuni moja mara nyingi haziingii kwenye tundu la nyingine, na hata modeli mbili za kampuni moja huweza kutofautiana. Kichwa kizuri ambacho skrubu zake hazipatikani tena kina uzito mmoja tu, ule uliokikuta nao. La pili, spana yake inakuja nayo? Iwe ile inayotoa mlio au kuteleza inapofikia nguvu iliyowekwa, kwa sababu skrubu iliyolegea huruka na iliyokazwa mno huharibu nyuzi za titani.

Vipo vichwa vyenye reli, ambapo kipande cha uzito huteleza kutoka kisigino hadi ncha. Navipa nafasi ya chini kuliko vya matundu. Reli yenyewe ina gramu zake, na gramu hizo ziko mahali palepale siku zote iwe unazitaka au la. Mbunifu wa kichwa anahangaikia kila gramu anayoweza kuiokoa: anatumia titani yenye gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo badala ya chuma chenye 7.8, na paa la nyuzi za kaboni ambalo ni jepesi zaidi, ili abakiwe na akiba ya kupeleka nyuma na chini. Reli hula sehemu ya akiba hiyo.

Kwa wanaoshindana, kanuni za vyama vinavyosimamia gofu, USGA na R&A, zinaruhusu uzito unaorekebishwa, lakini kichwa chenyewe kina mipaka. Ujazo ni sentimita za ujazo 460, na inesha ni 5,900 (gramu zikizidishwa kwa sentimita za mraba), kila kimoja kikiwa na nafasi ndogo ya kosa la upimaji. Hakikisha kichwa kipo kwenye orodha ya draiva zilizoidhinishwa kabla hujakilipia.

Nafasi ya pili: utepe wa risasi

Kama fimbo unayo tayari na haina tundu, anza hapa. Madini ya risasi yana gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo, utepe wake unalainika kwenye mkunjo wowote, na ukikosea unaubandua. Kipande cha upana wa nusu inchi na urefu wa inchi 4 kina takriban gramu 2, yaani hatua moja. Hakuna njia bora zaidi ya kujaribu. Bandika, piga mipira ishirini, hamisha, piga tena. Hata anayekusudia kununua skrubu angefanya vyema kujua kwanza kwa utepe ni gramu ngapi anazihitaji.

Hauji kwanza kwa sababu ya zile gramu 12. Ungehitaji utepe wa inchi 24, karibu sentimita 60, na hapo kichwa kinakuwa kama kidonda kilichofungwa bendeji. Nautumia hadi gramu 6, nikiubandika mgongoni mwa aironi au kwenye unyayo wa draiva upande wa nyuma, kamwe si kwenye uso. Safisha mahali kwa spiriti kwanza, kisha usugue utepe kwa kitu kigumu chenye uso laini hadi mikunjo ipotee.

Mashindanoni, utepe ubandikwe kabla ya raundi. Kuuongeza au kuuondoa makusudi katikati ya raundi ni kubadilisha fimbo, na ukipiga mpira kwa fimbo hiyo unaondolewa mashindanoni. Risasi pia ni sumu: osha mikono baada ya kuishika, usiikate kwa meno, na weka mabaki mbali na watoto. Anayeogopa risasi atafute utepe wenye tangsteni, madini mengine mazito, ingawa huwa mgumu zaidi kukunja.

Nafasi ya tatu: vizibo vya ncha ya shafti

Kwa aironi unazoziunda mwenyewe, hivi hupanda hadi nafasi ya kwanza. Ni vijiti vifupi vya shaba, risasi au tangsteni, gramu 2 hadi 9, vinavyoingia ndani ya ncha ya shafti na kufichika shingoni mwa kichwa. Ndivyo vilivyonisaidia kusawazisha ile seti yangu ya vichwa sita, na hakuna anayeviona.

Nunua vinavyolingana na shafti yako, kwa kuwa tundu la shafti ya chuma si sawa na la kaboni. Angalia pia kichwa cha kizibo kisiwe kinene, maana kinakaa chini ya shafti na kuizuia isizame hadi mwisho. Nataka shafti iingie shingoni si chini ya inchi moja. Na kwa sababu shingo iko upande wa kisigino, gramu 9 hapo husogeza kitovu cha uzito karibu milimita moja kuelekea kisigino. Ndiyo sababu mpaka wangu ni gramu 6. Kinachozidi hapo nakipeleka mgongoni mwa kichwa kwa utepe.

Nafasi ya nne: gundi ya moto ndani ya kichwa

Mafundi wa wachezaji wa kulipwa huitumia sana. Gundi inayonata daima hudungwa ndani ya draiva kupitia tundu la skrubu, kichwa kikalazwa hadi igande pale inapotakiwa. Huongeza gramu na pia hupunguza ukali wa mlio, na kwa kichwa chenye mlio wa debe ni tiba nzuri kweli. Tena hunasa chembe zinazogongagonga ndani. Lakini kuitoa ni kazi kubwa, kwa hiyo mpe fundi anayeijua, na umtajie gramu unazotaka.

Nafasi ya tano: unga wa tangsteni

Tangsteni safi ina gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo gramu nyingi huingia mahali padogo. Unga humiminwa ndani ya shafti, ukazibwa kwa kizibo cha gome au kuchanganywa na gundi ya epoksi. Usipozibwa vizuri unatembea, na fimbo yenye unga unaotiririka ndani hairuhusiwi na kanuni. Tena unapanda juu ya shingo, mbali na mahali unapouhitaji. Nunua tu kama vizibo havipatikani.

Uzito wa kufunga mwisho wa mshiko siuweki kwenye orodha. Unashusha namba kwenye mizani ya swingi huku kichwa kikibaki vilevile, na anayelalamika kwamba kichwa ni kizito atapata fimbo nzito zaidi.

Kuunganisha

Chochote utakachochagua, unganisha kwanza bila gundi. Zungushia ncha ya shafti utepe wa karatasi ili ishike shingoni, vaa mshiko au uuning'inize tu kwenye mwisho, kisha pima. Acha nafasi ya gramu moja au mbili za epoksi na kola, kipete kinachofunika maungio ya shafti na kichwa. Sugua ncha ya shafti kwa msasa hadi mng'ao uishe, toa mabaki ya gundi ndani ya shingo, paka pande zote mbili, ingiza ukizungusha. Shafti ya kaboni isuguliwe rangi yake tu, bila kugusa nyuzi. Epoksi iache saa 24 kabla ya kupiga mpira wowote. Siku inayofuata pima tena, tikisa fimbo karibu na sikio, na ukisikia kitu kinacheza ndani, usiipeleke uwanjani kabla ya kukipata.