Misimu miwili ndani ya yai: tela letu la kulala la futi 13

Mume wangu alipolileta nyumbani nilicheka. Kwa nje ni yai lililofungwa magurudumu. Kwa ndani, tulipoingia wawili, ilibidi mmoja akae ndipo mwingine apate kugeuka. "Mama watoto, tutazoea," akaniambia. Dola 7,500 zilikuwa zimeshatoka, tusingezoea tungefanyaje?

Ni la mtumba, la aina ya Scamp. Haya matela yanatengenezwa hapa hapa Minnesota, Marekani, kwenye kimji kinaitwa Backus, tangu miaka ya 1970. Bodi ni fiberglasi, vipande viwili, cha juu na cha chini, vimeunganishwa kiunoni kama kibuyu kilichopasuliwa kikarudishiwa. Hizo futi 13 zinahesabiwa pamoja na mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari. Chumba chenyewe ni kama mita 3. Nyuma kuna meza na viti vinavyogeuka kitanda, mbele kochi la mtoto, katikati jiko la gesi la mafiga mawili, sinki na kijifriji. Gari letu la familia, Toyota Sienna, inayoruhusiwa kuvuta pauni 3,500, inalivuta bila kuhema.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia dukani kununua maboksi ya plastiki yenye mifuniko. Yai halina kona! Ukuta unapinda, boksi limenyooka, na kati yao panabaki mwanya usioingia hata soksi. Nikayarudisha yote, nikatoa vikapu vya ukili nilivyotoka navyo Mwanza, ambavyo kwa miaka vilikuwa pambo tu sebuleni. Kikapu kinaminyika, kinafuata mkunjo wa ukuta, na gari likiruka shimo hakipigi kelele. Kila mtu ana kikapu kimoja cha nguo. Kikijaa, kuna kitu kinabaki nyumbani, na hapo sina mjadala na mtu.

Sufuria zetu nazo zimenipa raha. Hazina mikono, kwa hiyo tano zinaingiana zikawa kama moja, juu yake sahani, basi. Kikaango cha mpini mrefu nilichopewa zawadi kilidumu safari moja.

Meza tuliacha kabisa kuitumia. Msimu wa kwanza tulikuwa kila jioni tunaikunja kuwa kitanda na kila asubuhi tunaikunjua, huku mtoto analia njaa na mito iko mlangoni. Sasa kitanda kinabaki kitanda, chakula tunakula nje kwenye meza za kambi, na mvua ikinyesha tunajibana kwenye kochi. Hakuna badiliko lililotuliza roho zetu kama hilo. Kulipa dola mia kadhaa kwa makabati ya kuongezea, kama nilivyotaka, ingekuwa hasara.

Halafu kuna ugali. Usisonge kabla hujashusha jeki za pembeni! Mimi nilianza kusonga, mwiko ukienda kulia tela nalo linaenda kulia, mtoto anapiga makofi kwamba tuko kwenye meli. Mvuke nao ukapanda, tumefunga kila kitu kwa sababu ya baridi, na alfajiri kuta zilikuwa zinatoka jasho. Nilipoinua godoro nikakuta madoa meusi ya ukungu. Lilikuwa limelala juu ya ubao mtupu, halipumui. Mume wangu, fundi wangu wa nyumbani, akapiga chaga nyembamba chini yake, na siku hizi feni ya darini inawashwa kabla ya kiberiti. Dagaa tunakaangia nje, mbali. Harufu yake ndani ya mapazia ni wiki mbili, na kule kaskazini kuna dubu weusi, kwa hiyo mabaki yote usiku yanafungiwa kwenye gari.

Friji ilitugombanisha na maziwa mara mbili hadi tukaelewa kwamba, ikitumia gesi, haipoozi vizuri kama tela limeinama. Tangu hapo pima maji ya fundi inakaa sinki, na vipande vya mbao vya kuwekea chini ya tairi viko mlangoni.

Lililonitisha hasa ni barabara kuu ya 35, tukielekea mji wa Duluth. Nilikuwa nimepanga madumu yote ya maji nyuma kabisa, nikijisifu kwa mpangilio, na tulipoongeza mwendo tela likaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Mume wangu akaachia mafuta taratibu, hakukanyaga breki kwa nguvu, tukaegesha mikono ikitetemeka. Tela linataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikae mbele, pale linaposhikana na gari. Tukahamishia madumu mbele ya ekseli, likatulia.

Habari ya choo ni fupi: letu halina. Tunatumia vya kambini.

Zawadi ya taabu zote hizi ni ufuko wa Ziwa Superior, ziwa pekee la maji baridi linaloizidi Victoria yetu kwa eneo. Maji baridi kwa maana zote mbili. Nilichovya mguu mwezi Julai nikautoa mbio. Asubuhi nikafungua mlango wa yai karibu na maporomoko ya Gooseberry Falls, chai ya tangawizi mkononi, sioni ng'ambo, nikajihisi niko Kirumba, kule Mwanza.

Kwa watu wawili ninalipendekeza bila kusita. Sisi watatu tunatosha kwa sababu mtoto ana miaka sita. Wanne, hapana, labda mmoja awe na hema lake. Na kabla ya baridi kali ukumbuke kumwaga maji yote kwenye mabomba, yasije yakaganda na kuyapasua.

Juzi tumepima kochi: mtoto amebakiza kama shibiri mbili agonge ukuta. Baba yake ameanza kuangalia ya futi 16 mtandaoni, usiku, akidhani nimelala.