Uzoefu wangu na mysqldump: swichi zinaelezwa, kinachoachwa nje hakisemwi

Kwa miaka sita nimekuwa nikitunza kanzidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Moshi, katika ofisi ndogo isiyo mbali na soko la Mbuyuni. Kwa muda wote huo programu niliyoitegemea kuchukua nakala rudufu ni mysqldump, ile inayokuja pamoja na MySQL, mfumo wa kuendesha kanzidata, na kuendeshwa kwa kuandika amri. Naiheshimu sana. Haidai malipo, inafanya kazi hata kwenye mashine dhaifu, na faili inayoitoa ni maandishi ya SQL, lugha ya kanzidata, ambayo mtu anaweza kuyafungua na kuyasoma mwenyewe. Ninachokilalamikia ni maelezo ya swichi zake, yaani yale maneno yanayoanza na vistari ambayo huongezwa kwenye amri ili kuielekeza.

Mwaka jana tulihamisha kanzidata kutoka seva ya zamani kwenda mpya. Nilitoa nakala kwa swichi ya --single-transaction ili makarani waendelee kupokea marejesho wakati kazi ikiendelea, kisha nikaipakia kwenye seva mpya. Nikahesabu majedwali, yakalingana. Nikahesabu safu za wanachama, za hisa na za mikopo, nazo zikalingana. Siku ya kufunga mwezi, saa mbili asubuhi, karani wa dirishani akanipigia simu: "Kaka, riba imegoma. Wazee wameshafika, niwaambieje?" Kwenye skrini yake palikuwa na kosa namba 1305, lenye maana kwamba prosija iliyoitwa haipo. Nilipoingia kwenye seva nikakuta ni kweli. Prosija zote 14, yaani zile hesabu za riba, faini na gawio zinazohifadhiwa ndani ya kanzidata yenyewe, hazikuhama hata moja, na wakati wa kutoa nakala programu haikuwa imetoa onyo lolote.

Jioni hiyo nilikaa na maelezo mstari kwa mstari. Ukiandika mysqldump --help, mstari wa --triggers unakueleza kwamba triga (amri zinazojiendesha zenyewe data ya jedwali inapobadilika) huingia kwenye nakala bila kuombwa, na unakutajia swichi ya kuzizuia. Mstari wa --routines unasema tu kwamba swichi hiyo hutoa prosija na funksheni. Hausemi kwamba usipoiandika zitaachwa. Wa --events, unaohusu kazi zilizopangiwa muda, uko vivyo hivyo. Ukweli wenyewe umo, ila uko chini kabisa, kwenye orodha ndefu ya thamani za kuanzia, ambako routines imeandikiwa FALSE (hapana) na triggers TRUE (ndiyo) bila neno la ufafanuzi. Mwongozo mrefu wa MySQL nao una sehemu nyingine, nje ya ukurasa wa swichi, inayosema waziwazi kwamba kati ya hizo ni triga pekee zinazoingia zenyewe. Kwa hiyo sisemi kwamba maelezo hayajaandikwa. Nasema hayakuwekwa pale ambapo mtu mwenye seva mbili wazi mbele yake huyatafuta, na kwamba kwa programu ya nakala rudufu, kujua kinachoachwa ni muhimu kuliko kujua kinachochukuliwa, kwa sababu kilichoachwa hutakiona mpaka siku utakapokihitaji.

Kwamba inawezekana kuandika vizuri zaidi kunathibitishwa na programu hiyohiyo. Maelezo ya --single-transaction yanaonya palepale kwamba hufanya kazi kwa majedwali ya InnoDB (moja ya njia za MySQL za kuhifadhi majedwali) tu, na neno hilo la "tu" limewekwa kwa herufi kubwa ili lisipitwe. Huo ndio uandishi ninaoutaka.

Seva ya zamani nilikuwa bado sijaifuta, jambo lililotuokoa. Nilizitoa prosija peke yake kwa kuunganisha --routines na --no-data, --no-create-info na --skip-triggers, zinazoacha data, amri za kuunda majedwali na triga, mchanganyiko ambao niliupata kwa kujaribu, maana maelezo ya kila swichi yako peke yake na ni nadra kusema nini hutokea zikikutana. Nilipozipakia zikakubali, lakini zilipoitwa likaja kosa jingine, namba 1449: kila prosija hubeba jina la akaunti iliyoiunda, na akaunti hiyo haikuwepo kwenye seva mpya, kwa kuwa nakala ya kanzidata moja haichukui akaunti za watumiaji. Hilo pia mstari wa --routines haulitaji. Riba ilikokotolewa saa nane mchana, na wanachama waliofika asubuhi tayari walikuwa wamerudi nyumbani.

Wanaotumia PostgreSQL, mfumo mwingine wa kanzidata, wasidhani wamepona. Maelezo mafupi ya pg_restore, programu yake ya kurejesha nakala, yanasema kwamba -C huunda kanzidata lengwa na -d ni jina la kanzidata ya kuunganishwa nayo. Mpaka ufungue mwongozo kamili ndipo unaposoma kwamba ukizitumia pamoja, data haiendi kwenye hiyo ya -d, bali kwenye ile iliyotajwa ndani ya nakala. Hata herufi zenyewe zinachanganya: -p kwenye psql, programu ya PostgreSQL ya kuandikia amri, ni namba ya poti, na kwenye programu za MySQL ni nywila.

Bado natumia mysqldump, na sijaona sababu ya kuiacha. Ningependa tu mistari ya --routines na --events iongezewe ile sentensi moja ambayo mstari wa --triggers unayo. Kwa sasa amri yangu kamili, pamoja na --routines na --events, nimeiandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya seva, na kila Ijumaa naipakia nakala kwenye kompyuta ya pili, kisha nahesabu safu za information_schema.routines, orodha ya prosija na funksheni zilizomo, pande zote mbili. Ijumaa iliyopita zilikuwa 14 kwa 14.