Spesa za mpira kwenye Probox: nyota moja, na hata hiyo ni nyingi

Mlio wenyewe ni huu: ko, ko, ko-ko, mbele upande wa kushoto, Probox yangu ya Toyota ikivuka matuta ya Mamboleo, Kisumu, polepole kama baiskeli. Kwenye lami nyororo, kimya. Ukishika mlima kuelekea Kiboswa na kukata kona, unarudi, na safari hii usukani nao unatetemeka mkononi. Fundi aliyefunga spesa, vile vipande vya kuinulia gari, aliusikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni. "Hiyo ni kawaida ya Probox, boss. Itajizoea." Hakuinama. Hakuomba hata tochi.

Kwa hiyo haya ni maoni yangu kuhusu spesa, si kuhusu gari, ingawa kadiri ninavyoandika sijui kama gari lenyewe nitalinusuru.

Anayetaka kujua injini, tangi na mwaka atayapata popote. Hapa nazungumzia kuinua Probox, jambo ambalo wengi walio nayo huku, Kisumu hadi Bungoma, wamelifanya au wanalipanga. Sababu yake naielewa. Mjapani alitengeneza gari hilo liwe la kazi ndogondogo za duka na ofisi kwenye lami. Sisi tunaliteremsha kwenye udongo mweusi wa Kano mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, kisha tunashangaa sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) ikigonga jiwe kwenye lango la boma. Inchi moja ya ziada unaihitaji. Swali ni inatoka wapi.

Mbele, shoki na springi ni kitu kimoja. Juu yake kuna kikombe chenye bolti tatu zinazopenya bodi, na nati zake ziko juu, upande wa boneti (kwenye baadhi ya matoleo utaondoa kwanza plastiki iliyo chini ya waipa ndipo uzione). Spesa inaingia kati ya kikombe na bodi. Ikiwa ya alumini au nailoni ngumu, nati ukiikaza inabaki imekazwa, maana kilicho katikati hakipungui. Ikiwa ya mpira, unakaza leo, mpira unabonyea kesho, na nati ambayo hakuna aliyeigusa inakuwa imelegea. Hapo hata ukaze kwa nguvu za Mumias nzima ni bure. Mpira ni wa kumeza mtikisiko. Kuubana kwa bolti ili ushikilie chuma na chuma ni kuupa kazi isiyo yake.

Nilizozitoa zilikuwa na unene wa inchi moja na nusu mahali pasipobanwa. Kuzunguka tundu za bolti zilikuwa zimenywea, na mpira umefura pembeni kama donge la unga wa chapati ukilibonyeza kidole. Nati mbili kati ya tatu zilizungushwa kwa vidole vitupu. Bolti moja ilikuwa imesugua bodi hadi nyuzi zake zikang'aa, na tundu lililokuwa duara lilishaanza kuwa na umbo la yai. Hiyo ndiyo "kawaida ya Probox". Ningeendelea kuizoea, shoki ingekula bodi, na bodi iliyochanika pale haitibiwi kwa spana. Inahitaji welda anayejua kazi yake, na hao wanahesabika.

Namna ya kupima ni rahisi mno, ndiyo maana ile mikono mfukoni inaniudhi hadi leo. Gari liwe chini, matairi yamekanyaga ardhi. Mtu mmoja azungushe usukani kushoto na kulia, injini ikiwa imewashwa, wewe uweke kiganja juu ya kile kikombe. Kama kuna nafasi, utaisikia mkononi kabla ya sikioni. Kisha azime, abonyeze boneti kwa uzito wake na kuiachia, mara tatu. Ukisikia "ko" juu, ni kikombe au spesa. Ukiisikia chini, angalia linki za stebilaiza (vifimbo vya ile nondo inayozuia gari lisilale kwenye kona), halafu boljointi (viungo vya chuma vinavyoruhusu gurudumu kugeuka). Zile nati tatu za pembeni unaweza kuzijaribu kwa spana mwenyewe. Ile moja ya katikati usiiguse kabisa: ndiyo inayozuia springi iliyobanwa isifyatuke, na springi hiyo ikifyatuka haichagui jino wala jicho.

Mtetemo wa mlimani ni hadithi nyingine, japo mzizi ni uleule. Ukiinua mbele, injini na gia zinapanda pamoja na bodi, magurudumu yanabaki chini, na shafti zinazotoka kwenye gia zinainama zaidi. Jointi ya ndani ikifanya kazi kwenye pembe kali huku injini inavuta kwa nguvu, inatikisa. Ukiachia mafuta, mtikiso unakwisha. Hiyo ndiyo alama yake. Usikubali kuuziwa balansi ya matairi kwa tatizo hilo, kwani tairi lisilo na balansi hutikisa kwa mwendo fulani, uwe umekanyaga mafuta au hujakanyaga. Angalia pia mpira wa CV, ile mikunjo ya nje inayofunika jointi ya shafti: kwenye pembe kali inasuguana, inachanika, grisi inarukia ndani ya rimu. Ukiona utepe mweusi wa grisi ndani ya rimu, bado una muda wa kununua mpira tu. Vumbi likishaingia utanunua jointi nzima.

Kwangu mimi inchi moja mbele inatosha, moja na nusu ndiyo mwisho, na ya alumini. Anayekutajia inchi tatu anataka pesa yako ya leo na ya mwezi ujao.

Na alaimenti ifanywe siku hiyohiyo! Gari likipanda, fimbo za usukani zinabadilisha pembe na matairi yanaacha kuangalia mbele sawasawa. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine unakukwaruza kama msumeno, tairi linaliwa, na umeshachelewa kiasi. Aliyenifungia hakulitaja neno alaimenti hata kwa bahati mbaya.

Sasa nyuma, ambako ndiko watu wengi huingizwa mjini. Spesa ya nyuma huuzwa kwa maneno "itabeba mzigo". Haibebi. Springi ni ileile, ugumu wake ni uleule. Ukipakia, gari litashuka inchi zilezile lilizokuwa likishuka zamani, ila limeanzia juu zaidi. Kuna ubaya ambao hausemwi: kile kipande cha mpira kinachozuia ekseli isigonge bodi sasa kiko mbali zaidi, kwa hiyo kwenye shimo kubwa springi inaweza kubanana pete kwa pete kabla ekseli haijakifikia. Ukiweka spesa ya inchi moja chini ya springi, na kizuizi hicho kiongezewe inchi moja. Shoki nayo iwe ndefu kwa kiasi hichohicho, la sivyo gurudumu likining'inia shimoni, shoki inafika mwisho wake mapema. Kabla ya kuteremsha jeki, magurudumu yakiwa bado hewani, chungulia bomba la breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia breki zisinase): vikiwa vimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, ni vifupi.

Halafu kuna ile fimbo ndefu inayoshikilia ekseli ya nyuma isiende kushoto wala kulia. Upande mmoja imefungwa kwenye bodi, upande wa pili kwenye ekseli. Bodi ikipanda, fimbo inainama na kuivuta ekseli upande mmoja. Gari linatembea kama mbwa, kiuno pembeni. Chukua timazi, ining'inize kutoka ukingo wa bodi juu ya gurudumu, pima umbali wa uzi hadi kwenye rimu, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita mbili tatu si neno. Zikifika kumi, tafuta fimbo ya kurekebishika urefu, au punguza spesa. Hakuna cha tatu.

Unayetaka kubeba mzigo kweli, nunua springi nzito za nyuma zenye kimo cha kawaida au zilizozidi kidogo, uachane na spesa. Ndicho nilichoishia kufanya, na hapa lazima niseme ukweli ambao unaniharibia hasira: likiwa na mzigo, gari hili ni zuri kupita kiasi. Linatulia. Kwenye mteremko wa kurudi Kisumu kutoka Kiboswa linashika barabara, mkia hauchezi, breki zinaeleweka. Likiwa tupu sasa, mtoto akikaa nyuma na kikombe cha chai, chai yote ni ya kiti.

Kuhusu uzito wenyewe, Toyota huipa Probox kilo 400 za mzigo ikiwa na watu wawili tu. Magunia manne ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 360. La tano limeshavuka. Usiniambie umeona moja imejaza watu kumi na mbili kutoka Luanda hadi Majengo, huku Vihiga, nimeiona pia. Hukuona matairi yake.

Na matairi ni mahali pengine ambapo watu hujidanganya. Probox ya kuanzia 2014 ilitoka kiwandani na 155/80R14 yenye herufi LT na namba 88/86, yaani tairi la mzigo. Dukani unapewa 175/65R14 ya gari la saluni kwa sababu ni pana na inapendeza. Soma namba ya pembeni: nyingi ni 82. Namba 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Umetupa kilo 85 kwa kila tairi ili gari lipendeze. Halafu tairi likipasuka njia ya Ahero saa saba mchana, lawama inakwenda kwa jua. Nati za rimu zikazwe kwa spana yenye kipimo, 103 Nm, si kwa kurukia bomba kama anayekanyaga jembe. Bolti ni nne tu kwa gurudumu, moja ikikatika umepoteza robo.

Ndani nitapita haraka kwa sababu ndani hakujanikera. Plaiwudi ya milimita 12, ikatwe vipande viwili ili uweze kuitoa bila kumwita jirani, ifungwe kwenye tundu za bolti zilizopo tayari. Usitoboe sakafu. Tangi liko chini ya kiti cha nyuma, na mabomba ya breki na mafuta yanapita humohumo. Drili haina macho. Mwenye kubeba samaki kutoka Dunga atandike turubai nzito chini ya plaiwudi na azipandishe kingo zake kwenye kuta za gari, kwa sababu maji ya barafu yakiingia chini ya zulia hayatoki. Yanakaa na waya, yanakaa na bati, na harufu inakaa na wewe. Taa ya ziada nyuma: waya wa milimita mraba 2.5, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, si karibu na taa. Kuunganisha kwenye waya wa taa za breki ni uvivu unaoishia kwa moshi. Na kama yako ina gia za CVT (otomatiki za mkanda), mafuta yake ni ya CVT. Anayekuja na kopo la ATF (mafuta ya gia za otomatiki za kawaida) akisema "yote ni mafuta", chukua ufunguo wako uondoke.

Nilirudi na zile spesa mkononi. Nilitaka aone tu zilivyofura. Alizitazama, akanirudishia, akasema wengine wamefunga za aina hiyohiyo na hawajalalamika, tena kwa sauti ya kunifanya mimi ndiye mgonjwa. Kisha akaniuliza kama nataka za inchi mbili, amepokea mpya. Za mpira!

Nyota basi. Spesa za mpira, moja, kwa sababu haiwezekani kuweka sufuri. Za alumini za inchi moja mbele, tatu, au nne ikiwa alaimenti imefanywa. Springi nzito nyuma, nne nikiwa nimepakia, mbili Jumapili nikiwa na familia, na mama watoto anasema hata hizo mbili nimezidisha. Gari lenyewe nilitaka kulipatia mbili nilipoanza kuandika. Linastahili nne. Tatu na nusu, kwa sababu ya viti. Wikendi hii narudi na timazi yangu nyuma, ambako bado inanionyesha tofauti ya milimita sita, nipime upya.