Miaka miwili na Mazda Roadster hapa Dar: masika, kiangazi, foleni na matuta

Nimeulizwa sana kuhusu hii gari mpaka nimeona niandike tu. Sheli naulizwa, msikitini naulizwa, juzi kwenye taa za Mwenge jamaa wa bodaboda kainama kabisa mpaka usawa wa dirisha, "kaka, hii unatembelea kila siku au ya wikiendi?" Kila siku kaka. Sina gari nyingine. Natoka Tegeta naenda Posta narudi, Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi naendea sokoni, na mwezi huu imetimiza miaka miwili na miezi miwili mkononi kwangu.

Ni Mazda Roadster ya 2007, kile kizazi cha tatu, nje ya Japani inaitwa MX-5 na Wamarekani wamezoea kuiita Miata. CC 2000, gia za mkono 6, inasukuma kwa tairi za nyuma, siti 2, paa la turubai. Kuna ile yenye paa gumu linalojikunja kwa mota, niliiacha makusudi, mota ikifa huku Tegeta nani ataitengeneza? Hii ya turubai ina klipu moja tu hapo katikati juu ya kioo cha mbele, unaiachia, unasukuma turubai nyuma kwa mkono ukiwa umekaa hapohapo, linajilaza, unalikandamiza linashika, kwisha. Gari nzima ina kilo kama 1,100 na utamu wake wote unatokea hapo. Mazda tangu walipotoa ya kwanza mwaka 1989 wana msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, yaani farasi na mpanda farasi kuwa kitu kimoja, na mimi nilidhani maneno ya biashara tu mpaka siku niliyopandisha nayo Mombo kwenda Lushoto kwa mama. Zile kona zote, gia ya pili, gia ya tatu, unageuza usukani kidogo tu na pua imeshafika unakotaka. Sijawahi kuendesha gari nikasahau kama nimechoka safari isipokuwa siku ile.

Haya sasa maisha ya kila siku.

Kinachoitesa hii gari Dar ni jua la mchana, mvua inafuata kwa mbali. Mwezi wa kwanza na wa pili ukifungua paa saa 7 mchana kichwa kinapata moto, mikono inaungua, na ukipaki nje ukaacha paa wazi hata dakika 20 ile siti nyeusi hukalii. Mimi nina kanga ya mke wangu, naitandika kwenye siti kila nikipaki, na kofia haitoki ndani ya gari. Kwa hiyo kiangazi nafungua kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 11 jioni, katikati hapo nafunga nawasha AC, na AC yake niisifie, kijichumba chenyewe ni kidogo kwa hiyo dakika 3 tu ushapoa. Kwenye foleni nafunga pia hata kama hali ya hewa ni nzuri, kwa sababu unakaa chini mno, bomba la daladala linakutazama usoni, na ukiwa nyuma ya lori la mchanga utafika ofisini na mchanga kwenye nyusi.

Masika ya kwanza ndo yalinifundisha. Wiki ya pili ya mvua nikaingia asubuhi nikasikia harufu kama ya mkeka uliolowa, nikashika kapeti nyuma ya siti ya abiria, chwa, maji. Nikampelekea fundi mmoja, akaangalia angalia akasema turubai limekufa kwenye mishono, tununue jingine, na wakati nasubiri akapaka silikoni pembeni mwa vioo kote. Nikalipa. Mvua iliyofuata maji yakaja vilevile, tena mengi zaidi. Jumapili nikakaa nayo mwenyewe, nikalikunja turubai nusu, nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu nikawa namimina kidogo kidogo kuanzia mbele narudi nyuma, naangalia yanaelekea wapi. Turubai lilikuwa zima kabisa. Maji yanateremka pembeni, yanaingia kwenye mfereji uliojificha nyuma ya bega lako, pale karibu na mkanda unapotokea, na kule chini kuna tundu na kichujio cha plastiki kama cha sinki. Lile tundu lilikuwa limejaa tope jeusi na vipande vya majani ya mkungu, maana nyumbani napaki chini ya mkungu kwa ajili ya kivuli. Maji hayana pa kwenda, yanafurika yanamwagikia ndani. Nikatoa kile kichujio nikakiosha, nikapitisha mpira laini taratibu mpaka upande wa pili, nikamimina tena chupa nzima, nikachungulia chini nikaona maji yanadondoka mbele ya tairi la nyuma. Nilifurahi jamani. Kazi ya nusu saa na haikunigharimu hata mia, ukiacha ile hela ya silikoni. Tangu siku hiyo kila mwanzo wa mwezi namimina maji pande zote mbili, na haijaingia tena hata tone. Kama unanunua hizi gari, ukiwa unaikagua fanya hilo la chupa kwanza kabla hata ya kuwasha injini, halafu ingiza mkono chini ya kapeti nyuma ya siti.

Ukiwa ndani mvua ikipiga turubai unasikia kama mtu anapeta mchele kwenye ungo, sauti ni kubwa, simu husikii, ila baridi haiingii na kioo cha nyuma ni kioo kweli, kina nyaya za kukausha ukungu. Barabara ikilowa kwa mara ya kwanza baada ya kiangazi nenda pole, ile lami inakuwa na mafuta, na kwa kuwa inasukuma kwa nyuma ukikanyaga ghafla kwenye kona matako yanataka kupita mbele. Tairi nzuri zinamaliza nusu ya tatizo. Kuhusu barabara zikijaa maji mimi kipimo changu ni bajaji: nikiona maji yamefika nusu ya tairi la bajaji iliyo mbele yangu, nageuza, hata kama nina kikao. Injini inavuta hewa chini sana mbele pale, ikimeza maji umeuza gari.

Matuta nayo. Hapa ndo wengi mtashindwa. Chini kwake hapafiki sentimita 15 na mtaani kwetu wakazi wamejijengea matuta yao wenyewe kwa zege, mengine yamechongoka kama paa la nyumba. Mwezi wa kwanza nilichana ile plastiki ya chini ya injini, nikasikia inaburuzika mpaka kwa fundi. Nikashauriwa niweke spesa kwenye springi, vile vipande vya kuinua gari, nikakataa, sikutaka kuharibu inavyokaa kwenye kona. Nilichofanya nikabadilisha saizi ya tairi, ilikuja na 205/50 rimu 16 nikaweka 205/55 rimu 16, gari ikapanda sentimita moja kamili. Sentimita moja inaonekana si kitu lakini matuta mawili matatu yaliyokuwa yananigusa kila siku hayanigusi tena, halafu 205/55 imejaa madukani wakati ile 205/50 niliitafuta wiki nzima. Spidomita inasoma pungufu kwa asilimia 3 hivi, jua hilo ukimuona trafiki na tochi yake. Tuta likiwa baya nalipandia kimshazari, tairi moja moja, nikiwa peke yangu kwenye gari. Nikibeba mtu nalizunguka tuta hilo. Na pantoni ya Kigamboni nimeiacha, maji yakipwa ile njia ya kupandia inakuwa mwinuko mkali, bampa ya mbele ililamba chuma mara moja ikatosha, sasa hivi napita darajani.

Siti mbili ni siti mbili. Mama alikuja mwezi wa nane kutoka Lushoto, nikaenda kumpokea stendi ya Magufuli, nikamkuta na kiroba cha viazi, kiroba cha mapea, beseni na begi lake la nguo. Buti ni lita 150, linaingiza begi la nguo na beseni ukilisimamisha ubavu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, gari iko wapi?" Nikamuonyesha. Akaizunguka. "Na mizigo?" Viroba vikapanda bajaji, bajaji ikatufuata mpaka nyumbani nyuma yetu, nikalipa bajaji huku nina gari yangu mwenyewe. Kuingia aliingia vizuri, nimemshika mkono akajishusha, tatizo kutoka. Magoti ya mama yana miaka 64 na siti iko chini kama kigoda, ilibidi nimshike mikono yote miwili nimnyanyue, na nilimuona uso ulivyokunjamana, nikaumia. Kesho yake nilimkodia taksi kwenda kliniki. Kama unaishi na mzee, au una watoto wawili wa shule, hii isiwe gari yako ya pekee, nakwambia kwa moyo mweupe. Sisi tuko wawili bado na mke wangu anapanda mwendokasi kwenda kazini, kwa hiyo kwetu inatosha.

Mafuta: foleni ya Bagamoyo Road napata kilomita 9 kwa lita, Lushoto na kurudi nilipata 13. Kwa CC 2000 siwezi kulalamika.

Spea watu wanaogopa bure, kwa sehemu. Injini yake ni ndugu wa injini za Mazda nyingine, Axela, Atenza na Premacy, kwa hiyo vitu vya ndani ya injini vingi havikusumbui, na inatumia cheni, huna habari ya kubadilisha belti. Vya bodi ndo shida, taa, bampa, vioo, turubai, hivyo unaagiza Japani na unasubiri. Kitu kimoja cha kuangalia kwa joto letu ni kile kitenki cha plastiki cha kulanti, yaani maji ya kupoza injini: kikishakuwa cha njano njano kinapasuka kwenye mshono. Changu kilipasuka Morocco saa 12 jioni, mshale wa joto ukaanza kupanda, nikazima hapohapo kabla haujafika juu, watu wakapiga honi weee lakini injini ilipona. Nikaweka kipya na kulanti ya kweli, acha maji ya bomba. Oili napima kila Jumapili, hizi injini zikizeeka zinakunywa kidogo na usipoangalia hutajua.

Tairi la akiba haina. Nilijaribu kuweka tairi zima kwenye buti, halifungi. Natembea na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari na zile kamba za kuzibia pancha, zimeniokoa mara mbili. Redio ya Kijapani FM yake inaishia 90, stesheni zetu nyingi haizipati, nikaing'oa nikaweka nyingine.

Usalama. Turubai mtu analikata kwa wembe kwa sekunde, kwa hiyo simwachii sababu: ndani hapakai begi, hapakai hata miwani. Side mirror niliibiwa moja, lakini hiyo Dar hata mwenye IST anaibiwa. Barabarani wenye malori na mabasi hawakuoni, uko chini ya dirisha lao, mimi nawasha taa mchana kweupe na sikai kabisa ubavuni mwa lori.

Na kabla hujatuma hela Japani ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, uone ushuru wake, umri wa gari unaongeza kodi ya uchakavu na hapo ndo wengi wanakwama bandarini.

Sasa kwa nini naendelea nayo. Kipupwe. Mwezi wa sita mpaka wa nane, asubuhi kuna kijibaridi, jioni upepo wa kusi unatoka baharini. Natoka Posta jioni, nafika pale hospitali ya Aga Khan kabla ya Daraja la Tanzanite, nikipata taa nyekundu naachia klipu, nasukuma turubai, taa inawaka kijani paa liko wazi. Daraja lenyewe ni kilomita moja hivi, si mwendo, unaenda na wenzako 50, lakini upande wa kulia bahari yote, maji yakiwa yamepwa unasikia harufu ya mwani na unaona watu wanatembea kule mbali kwenye mchanga wameinama wanaokota, na kushoto jua linashukia nyuma ya majengo. Siku nzima nimekaa ndani ya ofisi isiyo na dirisha. Nikishuka daraja nimeshasahau mambo ya kazini, nikifika Tegeta nimechoka foleni kama kila mtu ila sijanuna, na mke wangu ndiye aliyeniambia hilo, mimi sikuwa nimeligundua.

Mwaka huu nitabadilisha turubai, pembeni limeanza kupauka na mishono ya mbele imelegea kwa jua. Nimeshalipia, liko njiani, litakuja la kitambaa badala ya vinyl. Likishafungwa na kunyeshewa na vuli nitarudi kuwaambia.