Bwawa limegeuka kijani? Cha kununua kwanza, na cha kuacha dukani

Masika ikishapiga siku mbili tatu mfululizo, maswali ya mabwawa huanza kumiminika kutoka Nyali, Kizingo hadi Shanzu hapa Mombasa, na karibu yote huwa moja: nitie dawa gani ya kuua mwani? Muuzaji hutoa chupa, mteja hulipa, na baada ya wiki moja maji yamerudi rangi ile ile. Kwenye mpangilio wangu chupa hiyo ni ya tano. Mwani huota pale klorini inaposhindwa kazi, na ukinunua kabla ya kujua kwa nini imeshindwa, pesa zako zinakwenda na maji.

Cha kwanza: kifaa cha kupima maji

Nunua cha matone, si vijikaratasi vya kuchovya. Unyevu wa pwani huviharibu vijikaratasi upesi, kifuniko kikisahauliwa wazi siku moja tu rangi zake hazisomeki. Lakini angalia kifaa kinapima nini. Vile vya bei ya chini hupima klorini na pH (kiasi cha uchachu wa maji) peke yake. Tafuta kinachopima pia asidi ya sayanuriki, ile wauzaji huiita stebilaiza.

Nasisitiza hiyo stebilaiza kwa sababu ya jua letu. Bila stebilaiza, jua la mchana hula nusu ya klorini kwa muda usiozidi saa moja hivi. Stebilaiza ikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita, klorini inadumu. Ikipita 100, klorini hubanwa hata karibu haiui kitu: unapima, unaiona ipo, na maji bado ya kijani. Hapo hakuna dawa ya kununua. Toa sehemu ya maji, jaza mengine. Bila kipimo hicho utazidi kununua klorini mwezi baada ya mwezi na hutajua kisa chake.

Vipimo vingine: klorini huru (ile ambayo bado haijatumika) miligramu 1 hadi 3 kwa lita kwa siku za kawaida (stebilaiza ikikaribia 50, shikilia juu ya 3), na pH kati ya 7.2 na 7.8.

Cha pili: klorini, lakini ipi?

Chaguo langu kwa watu wengi ni ya punje, kalsiamu hipokloriti ya asilimia 65 au 70. Ina nguvu, haiongezi stebilaiza, na ikiwekwa mahali pakavu hukaa miezi. Dukani tikisa mtungi kabla hujalipa. Punje zikisikika zinatembea, sawa. Ukisikia bonge moja linagonga ukutani, zimeshaingia unyevu, waachie wenyewe.

Wanaojaza bwawa kwa maji ya kisima nawashauri vingine. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi ni magumu, yana chokaa nyingi tayari. Klorini ya punje huongeza kalsiamu juu ya hiyo, na ndipo unapoona mstari mweupe mkavu kwenye vigae, usawa wa maji. Huyo anunue klorini ya maji, ya asilimia 10 au 12, kwenye mitungi ya lita 20. Udhaifu wake ni joto. Mtungi uliokaa juani nje ya duka umeshapoteza nguvu, kwa hiyo uliza umeingia lini na chagua uliowekwa kivulini.

Vidonge vinavyoyeyuka polepole navipa nafasi ya chini kuliko wengi wanavyotarajia. Ni rahisi, ni kweli, na vinafaa ukisafiri. Lakini kila kidonge huacha stebilaiza ndani ya maji, na hiyo haiondoki na jua. Bwawa la vidonge mwaka mzima ndilo hufika 100 bila mwenyewe kujua.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo inayookoa pesa. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina lita 48,000. Kuongeza miligramu 10 kwa lita kunataka gramu 480 za klorini halisi. Kwa punje za asilimia 65 ni karibu gramu 740. Kwa dawa ya kufulia nguo ya asilimia 3.5 ni karibu lita 14, na ndiyo maana siipendekezi. Maji ya kijani kibichi yanaweza kutaka kipimo hicho zaidi ya mara moja. Tia jioni jua likishatua, pampu ifanye kazi usiku kucha, na asubuhi pima tena.

Tafadhali, usichanganye punje na vidonge, hata kwa kuvichota kwa kijiko kimoja. Vikikutana vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Na bwawa ambalo huoni sakafu yake asiingie mtu, mtoto wala mkubwa. Aliyezama ndani ya maji ya kijani haonekani kutoka juu.

Cha tatu: brashi

Ya nailoni kwa bwawa la faiba au la karatasi ya plastiki, ya waya wa chuma kisichoshika kutu kwa lile la saruji lenye mwani mweusi. Mwani mweusi una gamba juu yake, klorini haipenyi mpaka ulikwaruze. Brashi ni rahisi kuliko dawa yoyote, na bila hiyo dawa inafanya nusu ya kazi.

Cha nne: vitamini C, kwa madoa ya kutu

Madoa si mwani, na dawa zake si hizo hizo. Kuna ya majani na kuna ya chuma. Majani ya mkungu yakilala chini siku chache huacha alama ya kahawia yenye umbo la jani lenyewe. Ngazi na skrubu zilizoliwa na hewa ya chumvi huacha doa la rangi ya kutu, linaloshuka ukutani kama mchirizi.

Kuyatenganisha, nunua kidonge cha vitamini C duka la dawa, kiweke juu ya doa kwenye ngazi ya juu na ukisugue nusu dakika. Ukiona duara safi limebaki pale kidonge kilipokuwa, hiyo ni kutu. Nunua asidi ya askobiki ya unga, nusu kilo hivi kwa bwawa tulilolipiga hesabu. Iache klorini ishuke karibu na sifuri kwanza, kwani klorini huiharibu asidi hiyo. Doa lisipobadilika, kwenye bwawa la saruji jaribu punje za klorini ndani ya soksi kuukuu. Likififia, lilikuwa la majani, na klorini uliyo nayo inatosha.

Cha tano na cha sita

Chupa ya dawa ya mwani inafaa kwa kinga, baada ya maji kusafika, hasa kabla ya masika na vuli. Soma kibandiko: usichukue inayotoa povu jingi, wala yenye shaba ndani. Cha sita ni shabu (alamu), si shaba: hushusha chini vumbi la mwani uliokufa likawa tope. Zima pampu usiku, asubuhi livute na ulimwage nje, lisipite kwenye kichujio cha mchanga.

Cha mwisho kabisa: mrututu

Bei yake ni ndogo na mwani unakufa kweli, ndiyo maana mafundi wengi bado huumwaga. Lakini ni shaba, na shaba haiyeyuki ikapotea. pH ikipanda huganda kwenye saruji, madoa ya kijani-buluu au meusi, na nywele zenye mvi au rangi nyepesi hugeuka kijani. Mwambie fundi wako mapema, kabla hajafungua mfuko. Ukishaingia, klorini haiutoi hata ukimimina mtungi mzima. Utapunguza maji na kujaza mapya, na madoa yake yatataka dawa ya peke yake.