Miezi minane na intakomu kwenye helmeti

Nilinunua intakomu mbili, vifaa vya kuongea tukiwa kwenye pikipiki, yangu na ya mke wangu anayekaa nyuma, kwa sababu nilichoka kupigwa bega. Pigo moja lilimaanisha "simama", mawili "punguza mwendo", na mimi kuhesabu nikiwa kwenye kona sikuwahi kuweza.

Wiki mbili za kwanza nilijuta. Tukiwa tumesimama, sauti safi. Tukivuka kilomita 70 kwa saa, ni kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Niliongeza sauti mpaka mwisho, ikawa kelele juu ya kelele, na boksi nikalitafuta niirudishe dukani.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Spika zake ni bapa, upana wake milimita 40, na nilizibandika kwenye vishimo vilivyomo ndani ya helmeti nikiamini aliyeitengeneza anajua sikio langu lilipo. Hajui. Nikaivaa helmeti bila spika, nikapenyeza kidole chini ya sponji mpaka kwenye tundu la sikio, nikaweka alama. Kutoka kwenye kishimo ilikuwa kama sentimita mbili! Nikazihamisha, nikaongeza kipande cha sponji nyuma ya kila moja ili zikaribie sikio bila kuliminya. Safari iliyofuata nilimsikia mpaka anavyopumua.

Jambo la pili nilipoambiwa nilicheka: vaa vizibo vya masikio. Nivae vizibo ili nisikie? Lakini kwenye barabara kuu kelele za upepo ndani ya helmeti zinatosha kuharibu masikio kabisa, na ndizo zilizokuwa zikimeza maneno. Sasa navivaa kila safari ndefu, sauti naipandisha kidogo, na jioni kichwa hakivumi tena.

Maikrofoni ya mke wangu bado inasumbua. Helmeti yake iko wazi usoni, na upepo ukimpiga wa mbele huingia naye kwenye maongezi. Afadhali iwe karibu kugusa mdomo, na kile kisponji chake kisivuliwe.

Tukiwa kundi, hii yetu ya Bluetooth huunganisha pikipiki kwa mnyororo. Siku moja tulikuwa wanne, wa tatu akachepuka kuweka mafuta, wa nne akapotea hewani pamoja naye. Zile za mfumo wa meshi hujitafutia njia kupitia pikipiki nyingine, kwa hiyo anayesafiri na kundi kubwa angeongeza hela achukue hizo. Sisi wawili hatuzihitaji. Boksi linasema kilomita moja. Hiyo ni kwenye uwanda mtupu. Penye kona na vilima tumeishia kama mita 300.

Nilidhani tutapiga soga njia nzima. Kinachotusaidia hasa ni maneno mafupi: "mchanga konani", "gari linatoka kushoto", "mguu umekufa ganzi, tusimame". Nikitaka kuovateki tunanyamaza, hata muziki nauzima. (Anapenda kuimba. Simu ikipigwa wimbo hukatika, na siku nyingine mimi humshukuru aliyepiga.)

Vitufe nikiwa na glovu nene navipapasa tu. Mvua imetunyeshea mara kadhaa bila tatizo. Chaji iliyoandikwa ni saa 10, kwetu tukiongea sana ni saba, na baada ya hapo tunarudia bega.